Kozi ya kufundisha mbwa kukwepa nyoka, Pongwe Tanga: nimelipa, nimeona, nasema

Naanza na hela maana najua ndio mtaniuliza kwanza. Elfu themanini kwa mbwa mmoja, vipindi sita, kila Jumamosi asubuhi, na kocha anakuja mwenyewe shambani kwako kama uko huku kwetu kuanzia Kange mpaka Pongwe, ukiwa mbali zaidi ya hapo unamuongezea nauli ya bodaboda. Mimi nina mbwa wawili akanifanyia laki na nusu. Mama watoto aliposikia hiyo laki na nusu alinyamaza kwanza, akaendelea kukuna nazi yake, alafu akaniuliza taratibu, baba nanihii, hao mbwa wanaenda kusomea nini, udaktari? Nikamwambia wanaenda kusomea kukimbia nyoka. Akasema mbwa wa bibi yake kule Muheza walikuwa wanakimbia nyoka bila ada wala yunifomu.

Shida ni kwamba mbwa hakimbii nyoka. Watu tunadhani mnyama anazaliwa anajua, si kweli, na mbwa wa ulinzi aliyezoea kusifiwa kila akibweka ndio kabisa, akiona kitu kinatambaa anakiendea. Mwaka jana masika nilimpoteza Simba kwa ushujaa huo huo. Ilikuwa kama saa tatu usiku, mvua imekatika, kuna rundo la matofali nyuma ya banda la kuku nililiacha pale tangu nimalize kujenga choo, Simba akawa anabwekea pale habanduki. Babu mlinzi akadhani kicheche, akawa anamchochea, kamata, kamata! Tunafika na tochi tunakuta swila kasimama, shingo kaifungua, na Simba kashatemewa machoni, anajifuta uso kwenye majani alafu anarudi tena vitani huku haoni, mpaka akang'atwa shavuni. Usiku kucha napiga simu kutafuta dawa ya sumu, kwa mbwa haikupatikana, na hata ingepatikana bei yake si ya kumtibia mbwa. Kulipokucha kichwa kimevimba kama cha ndama, saa nne asubuhi tukachimba shimo.

Baada ya hapo nikafanya kila kitu ambacho mtu wa huku anafanya. Nikamwaga oili chafu kuzunguka banda, nikapanda mchaichai, nikatwanga vitunguu saumu nikanyunyiza mpaka shamba likanuka kama pilau, nikaambiwa fuga kanga, nikafuga kanga, wakaliwa na kicheche. Shamba langu upande wa juu limepakana na mkonge wa zamani uliotelekezwa, huko panya wamejaa, na penye panya nyoka hakosi, sasa oili itamzuia nani.

Kabla ya huyu kocha nilishaletewa mtu mwingine, simtaji, huyo yeye na kola ya umeme. Nieleze kidogo maana wengi mmeiona kwenye video mnadhani ndio kiboko. Mbwa anavalishwa kola, mwenye rimoti anakaa pembeni, nyoka yuko kwenye tenga la waya, mbwa akisogea kunusa anabonyezewa, anapigwa shoti anaruka juu analia. Inafanya kazi? Kuna mbwa wanaiva kwa hiyo kola, sikatai, Marekani na Australia wameitumia miaka na miaka kwa nyoka wao wa huko. Lakini mbwa hana wa kumwambia kwamba kilichomuuma ni nyoka, yeye anajumlisha alichokuwa anakitazama sekunde ile na shoti. Wa jirani yangu sekunde ile alikuwa anatazama tangi la maji, lile bluu la plastiki, basi mpaka leo hapiti karibu na tangi, si la kwao si la mtu mwingine, akiona tangi anazunguka kwa mbali kama anapita makaburini usiku. Na nyoka je? Wiki ya tatu alimuendea kamongo wa mtaroni akidhani ni kitu cha kuchezea, tukashukuru ni kamongo. Mi nilipoona vile nikasema hapana, kifo cha Simba kishaniuma mara moja sitaki kumuumiza mwingine kwa hela yangu mwenyewe.

Huyu kocha wa sasa ni kijana wa Kisambaa, mpole sana, kila mtu kwake ni mgosi, hata mimi mwenye mvi. Kitu cha kwanza aliomba kadi za chanjo ya kichaa cha mbwa. Ya Popi ilikuwa imepitiliza miezi minne, akagoma kuanza, akasema mgosi kachanje kwanza ndio nije, na kweli hakuja mpaka bwana mifugo alipogonga muhuri. Nilikasirika siku ile ila ndio nikajua huyu si wa kubahatisha.

Niwatambulishe na wanafunzi. Popi ni jike, mtu mzima, miaka saba, mlafi. Mwingine ni dume la mwaka mmoja na nusu, mbwa wa kienyeji mwekundu mwenye masikio ya kusimama, anaitwa Mtajiju. Jina nililitoa kipindi kile tunagombania mpaka na mtu fulani wa upande wa chini, kila nikimuita mbwa kwa sauti yule bwana anasikia, aliyeelewa kaelewa.

Kipindi cha kwanza hakukuwa na nyoka kabisa, nikajua nimeliwa. Kocha katoka na kifuniko cha chupa ya jemu, kile cha bati chenye kitovu katikati ukikibonyeza kinalia tk. Basi kazi ikawa hiyo, tk, anatupa dagaa, tk, anatupa dagaa, nusu saa nzima. Nikamuuliza kijana wangu, hii ndio elfu themanini? Akacheka akaniuliza kama nawajua wale panya buku wa Morogoro wanaonusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Nani asiyewajua, yule Magawa alipewa mpaka medali ya dhahabu na Waingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyofanya Kambodia. Akasema wale hawakupigwa hata kofi moja mgosi, ni sauti ya tk na ndizi, panya akinusa kitu sahihi anasikia tk anajua malipo yanakuja, siku ikifika anakwenda mwenyewe kutafuta kile kitu ili asikie tk. Sisi tunataka hiyo hiyo ila tunaipindua, mbwa akimuona nyoka amuache aje kwako kudai chake.

Hapo kwenye dagaa kuna jambo nilikuwa naliwaza tangu mwanzo na najua wengi wenu wa pwani mtaliwaza. Mi Mwislamu wa madhehebu ya Shafii kama wengi huku, mbwa nafuga kwa ulinzi wa shamba na hilo limeruhusiwa, ila mate yake yakinigusa nina kazi ya kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo, siwezi kukaa namlisha mbwa kiganjani Jumamosi sita. Nilikuwa natafuta namna ya kumwambia bila kumkera. Kumbe hata yeye halishi mkononi, na wala sio kwa sababu ya dini. Dagaa anamtupa chini, nyuma ya mwenye mbwa, upande wa pili kabisa wa alipo nyoka, ili mbwa akifuata malipo anakuwa anazidi kumpa nyoka mgongo na kwenda mbali. Ukimlisha mkononi atakaa mbele yako hapo hapo mita moja toka kwa nyoka anatafuna. Nilikuwa naona usafi kumbe ni ufundi.

Kipindi cha pili ndio nyoka wakaja, wa mpira. Anao watano, mweusi, wa kijani, wa madoa madoa, mmoja mrefu kama koboko, na kila mmoja kafungwa mshipi wa kuvulia samaki, dogo mmoja anajificha nyuma ya mnazi anavuta. Mtajiju siku hiyo alitia aibu. Alimuona yule mweusi anatambaa, hakusubiri, aliruka akamkamata shingoni akamtikisa kushoto kulia mpaka kichwa kikabaki mnazini kiwiliwili kikabaki mdomoni, akaja nacho mkia juu anasubiri asifiwe. Babu mlinzi akapiga makofi. Kocha akamwangalia babu, akaniangalia mimi, akasema kwa upole wazee wangu huyu kama angekuwa wa kweli saa hizi mngekuwa mnachimba. Nikakumbuka ile kamata, kamata ya mwaka jana. Babu pia alikumbuka maana aliondoka kimya kwenda kuangalia kuku.

Wakarudi nyuma, hatua ishirini kutoka kwa nyoka, mbwa kwenye kamba ndefu. Hapo ndio niliona utaalamu. Kocha hamuangalii nyoka, anamuangalia mbwa masikio. Nyoka anavutwa kidogo tu, masikio ya mbwa yanasimama, mwili bado haujaenda, na sekunde hiyo hiyo anaita njoo! Mbwa anageuka, tk, dagaa watatu nyuma yangu na kipande cha ini. Ini ni la nyoka peke yake, dagaa anapewa kwa kazi yoyote lakini ini la kuchemsha halitoki mfukoni mpaka nyoka awe ameonekana. Mara kumi, mapumziko, mara kumi tena. Ukichelewa kuita mbwa kashaondoka umepoteza, unarudi hatua tano nyuma unaanza upya. Hakuna kupiga, hakuna kufoka, mi kufoka nimezoea nikawa nakosea kila saa mpaka kocha akaniambia nifunge mdomo nishike kamba tu.

Jumamosi ya tatu, hii nimeiweka akilini, tulikuwa kwenye hatua kumi na mbili hivi. Nyoka wa kijani kavutwa kwenye majani makavu ya mwembe, kasauti kale ka kuchakarisha. Kocha safari hii hakuita. Alinionyesha kidole nisiite na mimi. Mtajiju masikio juu, mguu mmoja wa mbele kaunyanyua hewani, pua inacheza, nikaona kabisa misuli ya mapaja inajikaza nikasema haya anaruka. Akakaa hivyo kama mtu anayetafuta jina la mtu. Alafu akageuza kichwa akaniangalia mimi. Tk! Akaja mbio mpaka akanipita. Kocha alimwaga ini lote lililokuwa kwenye kikopo. Yaani kile nyoka kwake kimeshageuka kengele ya uji shuleni, mtoto akisikia kengele hakai kuichunguza kengele, anakimbilia sufuria lilipo.

Harufu ndio ikafuata, kipindi cha nne. Nyoka hai haleti, na kwa hilo namsifu, kwanza nyoka wa porini hakamatwi na kufugwa kiholela bila kibali, pili akitoroka hapo shambani nani atamtafuta. Anatembea na chupa zenye magamba ambayo nyoka wamejivua, kaandika na kalamu ya wino kila moja ya nani, swila, koboko, chatu, kifutu. Gamba linafichwa ndani ya bomba la plastiki lenye matundu, mabomba matano moja tu ndio lenye gamba, mbwa anapita akinusa, akifika penye gamba akageuka kuja, analipwa. Hapa Popi ndio alimfunika Mtajiju, ule ulafi wake ukageuka akili, mara ya pili tu alishaelewa, akawa hata hamalizi kunusa, akifika anageuka mbio tumbo linayumba.

Sasa nakuja kwenye lawama yangu, na ni kubwa. Wote wawili walilipata gamba la kifutu, wengine mnamwita bafe au moma, bila kukosea. Nikaenda nyumbani na furaha maana kifutu ndio ninayemuogopa kuliko wote, swila atasimama umuone, koboko atakimbia zake ukimpa njia, kifutu analala katikati ya njia kama kipande cha gogo haondoki, anakusubiri umkanyage. Nikamsimulia mtoto wa dada yangu anayesomea mambo ya wanyamapori, akaniuliza mjomba ni gamba au kifutu mwenyewe? Nikasema gamba. Akatikisa kichwa. Akaniambia kuna watafiti wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg walichapisha utafiti mwaka 2015, walichukua mbwa na nguchiro wa kusini wale wanaosimama wima, wakawafundisha kutambua harufu za nyoka mbalimbali. Nyoka wale wanaotembea kutafuta chakula wakawapata. Kifutu hai hawakumpata, pua ya mbwa inapita juu yake kama hakuna kitu. Lakini gamba alilojivua huyo huyo kifutu wakalipata vizuri tu. Kifutu akiwa hai ametulia anaficha harufu yake, maana kazi yake ni kuvizia, analala sehemu moja muda mrefu, angekuwa ananuka angeshaliwa.

Nilikaa nikafikiria. Kumbe mbwa wangu kafaulu mtihani wa kumpata nyoka aliyeshaondoka kaacha nguo.

Jumamosi ya tano nikamuuliza kocha uso kwa uso. Hakubisha. Akasema analijua hilo, ndio maana kifutu anamfundisha kwa macho, alikuwa anasubiri kipindi cha mwisho aniambie. Nikamwambia mgosi, kitu kama hicho unakisema siku ya kwanza kabla hujapokea hela, husubiri mpaka mtu akaulize kwa mpwa wake. Akakubali kosa, akaomba radhi, na bado namuona muungwana ila nyota moja nimeshaing'oa hapo. Mngesikia wenyewe alivyokuwa anaonyesha lile gamba kwa madaha mngenielewa.

Mafunzo ya macho yenyewe ni hivi. Ana nyoka wa mpira mnene mfupi kapaka rangi mwenyewe, kahawia na ile michoro ya herufi V mgongoni, ukimweka kwenye majani makavu hata mimi namtafuta. Analazwa kando ya njia tunayopita kila siku kwenda kisimani, hatikisiki, havutwi na mshipi, mnapita na mbwa kawaida tu. Tuliwapima mara kumi kumi. Mtajiju alimuona mara sita, Popi mara mbili, na moja kati ya hizo mbili nadhani aliniona mimi nimetoa jicho. Popi macho yameanza ukungu, sio kosa la mtu. Kwahiyo kifutu hapa kwangu bado kifutu, jioni natembea mbele mimi na tochi na gambuti, mbwa nyuma. Kocha pia aliniambia nitoe ule uchafu wote, matofali, makuti, mbao, kasema kabla hujalipa mbwa ada ondoa vyumba vya kupangisha panya. Lile rundo alilofia Simba lilikuwa bado lipo, aibu yangu. Nililitoa kwa siku mbili.

Kama imefanya kazi au haijafanya nawasimulia ya mwezi uliopita. Nimeshatawadha, kanzu safi, natoka kwenda kusali maghribi kwenye msikiti wa hapo barabarani. Mtajiju yuko upande wa pipa la maji. Sikusikia kubweka, na hilo peke yake si kawaida yake. Nasikia tu kishindo cha miguu, huyo, anakuja mbio, akanipita kama alivyofundishwa, akazunguka akakaa nyuma yangu ananitazama usoni huku pua na mate yote kayafuta kwenye kanzu. Nilitaka kumtukana. Alafu nikaona anatupa jicho kwenye pipa, ananiangalia, anatupa jicho tena. Nikawasha tochi ya simu. Swila, kama mita moja na nusu urefu, anakunywa maji yanayovuja chini ya pipa, mwanga ulipomfikia akainuka akafungua shingo. Mi nilikuwa hatua kama kumi na tano. Swila anatema mita mbili hata zaidi, angekuwa Mtajiju wa zamani angekuwa pale pale chini ya mdomo.

Babu akaja na panga. Nikamshika mkono, nikamwambia babu tukae hapa hapa, na tukakaa watu wawili na mbwa wawili kama tunaangalia mpira, dakika tano, mpaka yule bwana akashusha shingo akajiondokea taratibu kuelekea mkongeni. Maghribi niliisali nyumbani kwa kuchelewa, nimebadili kanzu, ile nyingine inasubiri udongo. Mtajiju alipewa ini nusu kilo. Mama watoto ndiye alilichemsha, mwenyewe, bila kuombwa.

Mengine madogo madogo. Kocha anachelewa, mara mbili alikuja saa nne badala ya saa moja na nusu, jua likishakuwa kali mbwa wanahema tu hawasomi. Siku ya mvua haji na hatoi taarifa, unakaa unachungulia njia. Hana karatasi yoyote ya kukuachia, kila kitu kichwani, mi niliandika kwenye daftari la mahesabu ya kuku. Dagaa na maini ni juu yako, hakukuambia kwenye bei, nimetumia kama elfu ishirini na tano zaidi nikinunua Mgandini. Na kazi kubwa ni yako sio yake, kati ya Jumamosi na Jumamosi unatakiwa ufanye mazoezi dakika kumi kila siku, sehemu tofauti tofauti, maana mbwa akijifunza chini ya mwembe anadhani nyoka wa kuogopa ni wa chini ya mwembe tu. Mi nilifanya siku nne kwa wiki nikaona matokeo, jirani yangu mwingine aliyelipia alikuwa anafanya Ijumaa jioni tu kama mtoto anayekariri kabla ya mtihani, na mbwa wake yuko vile vile. Baada ya kozi ni marudio kila mwezi au miezi miwili, ukiacha mwaka mzima inafutika.

Kama mbwa wako yuko kwenye mnyororo kuanzia asubuhi mpaka usiku usipoteze hela yako. Umfundishe akimbie alafu umfunge, akimbilie wapi? Jenga banda lenye wavu mdogo wa chini usafishe pembeni, hiyo elfu themanini nunua sementi.

Na isije mtu akasema niliambiwa mbwa akisoma hataumwa. Anaweza kuumwa. Akitemewa machoni mwagia maji safi mengi, robo saa nzima usiache, alafu daktari wa mifugo. Akiumwa mbebe, asitembee, usimfunge kamba mguu, usimchanje na wembe, na lile jiwe jeusi la nyoka liache kwenye droo ya babu yako, unapoteza muda wa kumfikisha. Kocha haya aliyasema siku ya kwanza, hapo nampa haki yake.

Nyota nne kati ya tano basi. Ingekuwa tano angesema ya kifutu mapema.

Ila kuna jambo limezuka ambalo kocha anasema ni kawaida na mimi naona ni utapeli. Juzi saa kumi jioni nimekaa barazani na kahawa, Mtajiju akaja mbio, akapita, akakaa nyuma, jicho kwenye bustani, jicho kwangu. Nikainuka na fimbo ndefu na gambuti, babu nyuma yangu na tochi mchana kweupe. Tumetafuta kila mahali. Ni mpira wa kumwagilia, ule wa kijani, uko pale tangu mwaka juzi na yeye huwa anaulalia. Jana tena, mpira ule ule. Leo asubuhi tena, na nilipochelewa kuinuka akaenda akauvuta kidogo kwa meno ukatikisika, alafu ndio akaja mbio. Nikampigia kocha, anacheka mpaka anakohoa, kasema lipa mgosi, ukimnyima siku moja ikawa ndio ya kweli utalaumu nani, ila mpe dagaa mmoja tu, ini weka la nyoka.

Nikampa dagaa wake mmoja. Mama watoto alikuwa dirishani anatazama yote, akasema sasa nimeamini, huyu kweli alisomea udaktari, anatoza hata ukiwa mzima.